Saa ya Karonga

Baba mkwe wangu alikohoa upande wa pili wa ukuta wa mianzi, akasema, "We saa, mwambie huyo wa jikoni nimeshikwa na homa, koo limenikauka."

Nikaganda na kopo la maji mkononi. Kwetu Kyela enzi zile, mke wa mwana na baba mkwe hawakuonana wala kusemeshana. Nikisikia tu kikohozi chake, natokomea migombani.

Siku hiyo wote walikuwa mpungani. Tulibaki sisi wawili na saa aliyoileta mume wangu, Asajile, kutoka Karonga, ng'ambo ya mpaka, miaka ile ya ruksa vitu vilipoanza kuingia. Jamani, saa ile! Ilitaja wakati yenyewe, kwa Kiingereza, sauti ya mwanamke mwenye mafua.

Maji yalinichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Nimwache mzee wa watu na kiu?

"We saa," nikasema, "mwambie mzee naweka maji mlangoni. Afumbe macho mpaka anisikie nimekohoa."

Nikaweka kopo, nikakimbia, nikakohoa. Nikamsikia akigugumia kama ng'ombe.

"We saa, mwambie ndaga fijo, nashukuru. Ila ndizi za jana zilizidi chumvi."

"Mwambie chumvi alinunua mwanawe!"

Mzee akacheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka.

Tangu hapo tukawa tunaongea kila jioni: mvua, mpunga, wajukuu. Betri ziliisha kabla ya mavuno, saa ikanyamaza kabisa. Hakuna aliyemwambia mwenzake kuwa imekufa; jioni tukaendelea tu, "We saa, mwambie..."