Mgonjwa wa Kitanda cha Nne

"Mgonjwa wa kitanda cha nne haondolewi," Shadya alisema kwenye hedifoni. "Kama ni usafi, anzeni na vitanda vingine."

Hospitali yenyewe haikuwa na tofali hata moja. Ilikuwa ndani ya kompyuta, katika Jiji la Bondwa, mchezo wa mtandaoni ambamo vijana wa Morogoro na Dar huigiza maisha. Huyu polisi, yule dereva teksi, mwingine jambazi sugu ambaye mama yake akimwita akachote maji, anaweka bunduki chini na kwenda. Shadya alikuwa muuguzi wa kikosi cha dharura. Alichezea kwenye kibanda cha mumewe sokoni Mkuyuni, mahali ambapo Hamza alikuwa akiwaingizia watu nyimbo na filamu kwenye simu.

Na kwenye kitanda cha nne alilala Hamza. Yaani Hamza wa mchezoni, mwenye koti jekundu, aliyegongwa na gari akivuka barabara huku akijisifu. Hamza mwenyewe alicheka sana jioni ile, akazima kompyuta, akasema ataamka kesho. Alfajiri alipanda pikipiki kwenda Matombo, na maji ya masika yakamkuta kivukoni. Pikipiki ilipatikana. Hamza hakupatikana.

Sheria ya Bondwa ni kwamba majeruhi asiporudi mwenyewe, hubaki kitandani, mashine ikilia pii, pii, mpaka mkuu wa kikosi aseme neno la mwisho, la kumwamsha au la kumtangaza kuwa amekufa. Mkuu aliyekuwapo aliacha mchezo akaenda chuo. Sasa Deogratias, mwenye jiji, alitaka kuwafuta wote wasiorudi. Wangetoweka tu, asiulize mtu. Shadya hakuweza kulikubali hilo, akaomba ukuu.

Nyumbani, mama mkwe wake, Bi Maimuna, alikuwa bado anampakulia mwanawe kila jioni na kuifunika sahani kwa kawa. Masika yalikwisha, kipupwe kikapita, sahani ikawa inawekwa tu. Matanga hayakuwekwa. Shehe alipoulizwa, alisema wasubiri. Siku moja macho ya Shadya yalilowa jikoni, na Bi Maimuna akamshika mkono.

"Unamlilia nani, mwanangu? Usimtabirie mwenzio mabaya. Hamza yuko safarini."

Tangu hapo machozi hayakumjia tena. Mwili wote ulikufa ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya. Juzi alishika sufuria ya moto, akashtushwa na harufu ya ngozi yake kabla ya maumivu. Majirani walimsifu, subira huvuta heri. Subira gani? Mtu aliyekufa ganzi hasubiri kitu, anakaa tu.

Usaili ulifanyika kwenye hedifoni, mchana wa siku ya gulio. Nje wanawake wa milimani walikuwa wakipanga ndizi na magimbi, na Shadya alifunga mlango wa kibanda nusu ili asikie vizuri.

"Shemeji," Deogratias alianza. Alikuwa rafiki wa Hamza tangu utotoni, na yeye ni mmoja wa waliotembea kingo za mto wakimtafuta mpaka viatu vikawaozea miguuni. "Ajali imetokea. Majeruhi watatu. Wawili wanapiga kelele, mmoja amenyamaza. Unaanza na nani?"

"Aliyenyamaza. Wenye kelele wana pumzi."

"Duh!" akasema Happiness, binti wa Dar aliyekuwa akiutaka ukuu huohuo. "Dada yuko vizuri, aisee."

"Kwa nini unaiomba nafasi hii?" Deogratias aliuliza.

"Kuna mgonjwa nimemuuguza muda mrefu. Nataka nimhudumie mpaka mwisho."

Hakuna aliyeuliza ni mgonjwa gani.

"Una swali kwetu, shemeji?"

"Moja. Mkuu akishasema neno lake, kuna mtu wa kulitengua?"

"Hakuna. Hata mimi siwezi."

"Na jiji zima litalisikia?"

"Litatangazwa kila mahali."

"Basi sina swali jingine."

Happiness akasema yeye anajitoa, hawezi kushindana na mapenzi ya namna hiyo. Deogratias alikohoa, kisha akacheka kidogo. "Kiti ni chako, shemeji. Nenda kamwamshe jamaa yetu."

Habari zikaenea Bondwa nzima. Polisi waliacha vituo, teksi zikaegeshwa ovyo mlangoni, na majambazi wakapanga foleni kwa adabu ambayo mama zao hawajawahi kuiona. Happiness alileta maua akayaweka miguuni pa kitanda. Kila mtu alikuwa akiandika jambo lilelile: Amka, Hamza. Amka, kaka. Wengine walikuwa wameshaanza kupiga honi.

Shadya alisogea mpaka kitandani. Kwa vidole vya ukuu wake mpya alimfungua yule mgonjwa koti jekundu, akamlaza vizuri mikono. Sokoni mtu alikuwa akibishania bei ya ndizi. Mashine ililia pii, pii. Kitufe cha kijani cha kumwamsha kiliwaka mbele yake, naye hakukigusa.

Alilivuta shuka taratibu, kutoka kifuani mpaka shingoni, kutoka shingoni mpaka juu ya uso. Mashine ikanyamaza.

"Hamza Abasi amefariki dunia," Shadya akaliambia jiji zima, "na mimi ni mjane wake." Nje wauza ndizi waliacha kubishana wakageuka kutazama ni nani anayelia vile, na Shadya naye alikuwa ameshageuka kutazama, kabla hajajua kuwa ni yeye.