Kindi na Daraja la Tatu

Alikuwapo Kindi ambaye hakuona kitu asikiulizie. Siku Ngedere fundi alipomaliza daraja lake la tatu la kamba, wanyama walikusanyika kulijaribu kabla watoto hawajavuka.

"Hili tunalijaribu kwa mzigo," alisema Ngedere. Kobe akavuka na boga mgongoni, daraja likatulia tuli. Vigelegele!

"Na majaribio ya zamani, fundi?" aliuliza Kindi. Yeye kila daraja lilipobomolewa alifukia kipande cha kamba yake, asije akasahau lilijaribiwaje. "La kwanza tulilijaribu kwa miguu iliyolowa, maana Kobe aliwahi kuteleza."

"Hayo yamepitwa, dada. Daraja jipya, jaribio jipya!"

"Sasa ukilowa kidogo utapungukiwa nini?"

Ngedere akacheka, akachovya miguu mtoni, akapanda kwa madaha. Hakufika katikati. Zile kamba mpya zilipogusana na maji ziliteleza kama mlenda, naye huyo, chubwi!

Walimvuta mkia wakamtoa.

"Daraja jipya, fundi," alisema Kindi, "lakini mto ni ule ule."

Ngedere akatema maji, akamsogelea.

"Hebu nikumbushe, dada. La pili tulilijaribuje?"