Ruhusa kwa Yeyote

Zamzam alikwenda kituo cha polisi kumuulizia mdogo wake, Harith, aliyekamatwa kwenye maandamano. Askari alipowasha kompyuta, jina la Zamzam likatokea kwenye skrini. Programu ile ya kuhifadhi mafaili aliiandika yeye, akaigawa bure kwa sharti moja tu, kwamba jina lake lisifutwe. Kuitumia, alimruhusu yeyote, kwa kazi yoyote.

“Mbona umeduwaa?” askari akauliza.

“Hiyo programu ni yangu.”

“Kumbe! Ahsante, dada. Siku hizi hatupotezi picha ya mtu.”

Akafungua faili la walio mahabusu, wakazipitia picha zote. Harith hakuwamo.

“Lipo faili jingine,” askari akasema kwa sauti ya chini, akainuka kumsogezea kiti.