Kiatu cha Kushoto

Mama Jelagat alikificha kiatu cha kushoto cha bintiye ndani ya gunia la mahindi, akarudi jikoni kuchochea moto kana kwamba hajui lolote. Daktari alisema mfupa wa mguu una ufa, binti apumzike wiki sita. Zilikuwa zimepita mbili tu, na huo ulikuwa ufa wa tatu tangu aanze kukimbilia medali.

Alfajiri wakimbiaji wenzake wakafika langoni. Desturi yao ilikuwa kupiga makofi mara tatu. Asiyetoka, nafasi yake kundini hupewa mwingine.

"Mama, kiatu changu kiko wapi?"

"Kimepumzika. Nawe kapumzike."

"Usinifanyie hivyo, mama! Mashindano ni Jumapili."

"Mguu si kuni, mwanangu, useme ukivunjika utaokota mwingine."

Makofi yakalia mara ya pili. Mtu akacheka huko nje: "Jelagat, umeolewa na kitanda?"

Yalipolia mara ya tatu, Jelagat alivua kiatu cha kulia, akakitupa, akatoka mbio miguu mitupu.

Hilo mama hakulifikiria. Alipekua gunia, mahindi yakamwagika sakafuni, akaokota na kile cha kulia, akatoka na viatu vyote viwili mkononi.

"Jelagat! Basi vaa! Vaa, mama yangu!"

Binti hakugeuka. Kundi lilikuwa limeshashika mlima, juu ya kokoto, na bandeji ya mguu wake ilikuwa ikifunguka kidogo kidogo. Mama aliikuta barabarani, bado ina joto.