Viatu vya Mgeni

Mpishi wa shule alitoka kwa fundi viatu akichechemea, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi kikiwa hakina kisigino. Hakuaga. Nyuma yake Hakimu, mbwa wa nyumba ile, alikuwa amejilaza kizingitini, anatafuna ngozi kwa raha zake.

"Hakimu kamkataa," binti wa fundi alisema, akarudi kwenye hesabu zake za shule.

Ndivyo mambo yalivyokuwa nyumba ile. Tangu mkewe afariki, fundi alimlea bintiye peke yake. Siku moja, katika kumbembeleza aache kulia, alimwahidi kwa utani kwamba hataoa mwanamke ambaye mbwa wa marehemu mama hatamkubali. Mgeni huvua viatu mlangoni. Mbwa akivitafuna, basi. Utani ukageuka sheria. Mshonaji alipoteza kandambili, muuguzi akapoteza raba mpya kabisa. Fundi aliwatengenezea bure, lakini hakuna aliyerudi kuvichukua mwenyewe. Majirani hawakuwa na mbavu: fundi viatu gani huyo, ananyimwa mke na viatu?

Fundi hakucheka. Alikuwa amechoka kutazamana na ukuta kila mtoto akishalala.

Ndipo akaja muuza dawa za mifugo, mwenye duka ng'ambo ya barabara. Alileta kiatu kibadilishwe soli, akakaa kibandani mpaka jioni. Alikuwa mcheshi, na fundi alimpenda akafa akaoza. Alimsimulia habari zote za Hakimu na ile ahadi, asije akasema hakuonywa.

"Anapenda nini huyo mbwa?" mwanamke aliuliza.

"Maini. Kwa maini atakuuzia nyumba nzima, na mimi nikiwa ndani."

Mwanamke alicheka mpaka akashikilia meza.

Jumapili alikuja na viatu vyekundu na kifurushi cha maini aliyoyachemsha mwenyewe. Binti alimwamkia kwa sauti ya kunong'ona, na biskuti aliyopewa akaiweka mezani bila kuionja. Fundi aliona aibu, akamwombea radhi, akasema mtoto ni mgumu kuzoea watu. Mgeni alisema hana neno, atamzoea tu, kisha akatoka kumpa mbwa chakula chake.

Wakanywa chai. Fundi alitega sikio mlangoni, akingoja ile sauti anayoijua ya ngozi kuchanika. Hakusikia kitu. Alipochungulia, Hakimu alikuwa amelala juu ya viatu vyekundu, kidevu kwenye kisigino, hana habari na mtu.

Machozi yalimlenga fundi. Aliona kama marehemu mwenyewe ametoa ruhusa. Alirudi ndani akaposa papo hapo, maneno yakimgongana mdomoni, na mwanamke akakubali kabla hajamaliza.

"Mwanangu, tuliahidiana," fundi alimwambia bintiye. "Hakimu kakubali. Nenda kamletee mama yako viatu."

Binti alikwenda shingo upande. Mlango ulikuwa wazi. Walimwona akichuchumaa, akimwita mbwa kwa jina, akimnyanyua sikio. Alipoliachia, likaanguka. Akaanza kumtikisa kwa mikono miwili.

"Baba, hapumui."

Kikombe kilimponyoka fundi. 

Mwanamke ndiye aliyetangulia kufika. Alivivuta viatu vyake taratibu kutoka chini ya kile kichwa kizito, akavifuta kwa leso, akavivaa. Kisha akamtazama mtoto kwa tabasamu lile lile alilokuja nalo asubuhi, akamshika bega.

"Na huyu," alimuuliza fundi, "anapenda nini?"