Nafasi ya Darasa la Tano

Siku hizi serikali haigawi kitu kitakachopotea bure. Mtambo wa Mipango hutazama kwanza maisha ya kila mtu yatakavyokwenda, ndipo huamua nani apewe dawati, dawa au maji, na haujawahi kukosea.

Mwajabu alipoona jina la bintiye Faudhia halimo kwenye orodha ya darasa la tano, alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu.

"Mwalimu, mwanangu ameongoza darasa."

"Najua, Mama Faudhia."

"Basi kapangiwa shule gani nyingine?"

Mwalimu alifunga mlango taratibu. "Hakupangiwa popote."

"Na mgao wake wa maji?"

"Upo mpaka mwezi wa tatu."

"Kwani anaumwa?"

"Mtambo hautoi sababu, mama. Unapanga tu."

Nyumbani alimkuta Faudhia akiruka kamba uani, mzima wa afya, jasho likimtiririka. Akamwambia aache, aingie ndani.

"Kuna nini, mama?"

Mwajabu alifunga geti, akafunika pipa la maji, akazima jiko la gesi. Kisha akaketi akimtazama mwanawe, asijue anamkinga na nini.