Kaswida ya Njiani

Idarusi alifunga redio mpya garini kwa mikono yake, ili mama yake asikilize kaswida njiani akienda kumwona dada yake aliyekuwa mahututi. Asubuhi gari lilikataa kuwaka.

"Waya zote mbili umezipeleka moja kwa moja kwenye betri," fundi Chitemo alisema, kichwa chini ya usukani. "Umezima gari, redio ikaendelea kunyonya. Si ungeniita, shemeji?"

"Nilidhani waya ni waya."

Majirani walipojipanga nyuma kusukuma, simu ya mama iliita. Alisikiliza, kisha akavuta ushungi usoni.

"Inna lillahi. Hatukumwahi."

Gari likawaka, na kaswida ikaanza. Idarusi alinyoosha mkono aizime.

"Iache," mama alisema.

Mkono ulibaki hewani, huku nyuma yao majirani wakiwapungia kwa furaha.